Ndoa ya Bomani, Ndoa ya Madhabahuni: Namna ya Kuzisoma Sheria za Ndoa za Jinsia Moja

Kila mwaka ninapofundisha sheria ya kanisa kwa wanafunzi wanaojiandaa kwa utumishi wa uchungaji, huulizwa swali lile lile, tena kwa uchungu wa kweli: imekuwaje Kanisa la Uingereza, lililotutumia wamisionari na shule, limekubali kufungisha ndoa za watu wa jinsia moja? Huwa nawajibu kwamba halijakubali, na darasa zima hunitazama kana kwamba nimekosea. Bunge la Uingereza ndilo lililokubali. Kanuni ya B30 ya Kanisa la Uingereza bado inatamka kuwa ndoa ni ya mwanamume mmoja na mwanamke mmoja.

Mkanganyiko huu una chanzo kinachoeleweka, nacho kipo kwetu wenyewe. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inamruhusu kiongozi wa dini mwenye leseni kufungisha ndoa inayotambuliwa na serikali. Baada ya siku 21 za matangazo, maharusi husimama mbele ya madhabahu, huweka ahadi, kisha hutia saini vyeti mbele ya mchungaji yule yule, na kwa saini hiyo huwa mume na mke mbele ya Mungu na mbele ya serikali kwa wakati mmoja. Kifungu cha 9 cha sheria hiyo kinaitafsiri ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke unaokusudiwa kudumu maisha yao yote, kwa hiyo muumini wa kawaida haoni pengo lolote kati ya anachofundishwa kanisani na kinachoandikwa bomani. Mtu aliyekulia katika utaratibu huo, akisikia kwamba nchi fulani imehalalisha ndoa za jinsia moja, husikia pia kwamba kanisa la nchi hiyo limehalalisha.

Tazama Ufaransa. Huko ndoa yenye nguvu ya kisheria ni ile inayofungwa mbele ya meya au msaidizi wake peke yake, na kasisi mwenye mazoea ya kufungisha ndoa ya dini kabla ya ile ya serikali anatenda kosa la jinai. Sheria ilipobadilika mwaka 2013, kilichobadilika ni kitendo cha ofisi ya meya. Katika parokia za Katoliki hakikuguswa kitu. Uholanzi, nchi ya kwanza kabisa duniani kufungua ndoa kwa watu wa jinsia moja, tarehe 1 Aprili 2001, nayo hutenganisha ndoa ya serikali na baraka za kanisa kwa namna hiyo hiyo.

Uingereza ni tofauti, na ndiyo maana ni mfano wenye manufaa zaidi kwetu. Kasisi wa Anglikana huko, kama mwenzake wa Dodoma au Korogwe, hufungisha ndoa ya kanisa na ya serikali kwa tendo moja. Tena Kanisa la Uingereza ni kanisa la taifa, na mkazi wa parokia, kwa kawaida, ana haki ya kufunga ndoa katika kanisa la parokia yake. Kama Bunge lingebadilisha tafsiri ya ndoa na kunyamaza, kasisi angejikuta kati ya sheria mbili zinazopingana. Kwa hiyo sheria ya mwaka 2013, iliyowezesha ndoa za kwanza tarehe 29 Machi 2014, iliwekewa makomeo kadhaa: hakuna dini inayolazimishwa, hakuna mhudumu anayelazimishwa, kukataa si kosa la ubaguzi, na Kanisa la Uingereza pamoja na Kanisa la Wales yamezuiwa na sheria yenyewe kufungisha ndoa hizo. Kilichopitishwa na Sinodi Kuu, baraza la juu la kanisa hilo, mnamo Februari 2023 kilikuwa sala za kuwaombea baraka wawili wa jinsia moja wanaoishi pamoja, na sala hizo zilianza kutumika katika ibada za kawaida mwezi Desemba mwaka huo. Mtu anaweza kuzipinga sala hizo kwa moyo wote, na wapo wengi wanaozipinga, lakini asiziite ndoa.

Denmark ilichukua njia nyingine. Mwaka 2012 Bunge lake liliwafungulia wanandoa hao milango ya kanisa la taifa, huku likimlinda kasisi mmoja mmoja anayekataa kwa sababu ya dhamiri. Hapo mtu anayesema kwamba serikali imeingia madhabahuni ana hoja.

Kwa Afrika, nchi pekee yenye sheria hiyo ni Afrika Kusini. Mahakama ya Katiba iliamua kesi ya Fourie, ya wanawake wawili waliotaka kuoana, Desemba 2005 na kulipatia Bunge miezi 12 kurekebisha sheria. Sheria ikaanza kutumika tarehe 30 Novemba 2006. Dhehebu linalotaka kufungisha ndoa hizo linapaswa kuomba idhini, na lisiloomba haliguswi. Mchungaji Mpho Tutu, binti wa Askofu Mkuu Desmond Tutu, alifunga ndoa na mwanamke Uholanzi, ndoa ambayo sheria ya Afrika Kusini isingeikataa. Hata hivyo mwaka 2016 alilazimika kurudisha leseni yake ya kuhudumu kama kasisi, kwa sababu kanuni za Kanisa la Anglikana la Kusini mwa Afrika hazikumruhusu. Serikali ilimtambua kuwa ameolewa, na kanisa lake likamzuia asihudumu. Sijapata mfano unaoonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi.

Nchi nyingine nitazipitia kwa haraka. Zilizofungua ndoa sasa zimezidi 35, na njia zimekuwa tofauti: Marekani kwa hukumu ya majaji watano dhidi ya wanne mwezi Juni 2015, Ireland kwa kura ya maoni ya wananchi mwezi Mei mwaka huo huo, Taiwan mwaka 2019, Thailand mwezi Januari 2025. Katika ukanda wetu, mlango umefungwa ndani ya katiba zenyewe: Uganda kwa marekebisho ya mwaka 2005, Kongo katika ibara ya 40 ya katiba ya mwaka 2006, Kenya katika ibara ya 45 ya katiba ya mwaka 2010.

Nije sasa kwenye fundisho lenyewe, maana hapo ndipo makanisa yanapopasukia. Wakristo wanaotofautiana wanasoma vifungu vile vile: Mwanzo 19, Walawi 18 na 20, Warumi 1, 1 Wakorintho 6:9 na 1 Timotheo 1:10. Sehemu kubwa ya ubishi wa wataalamu imelizunguka neno moja la Kigiriki katika nyaraka za Paulo, arsenokoitai, lililoungwa kwa neno la mwanamume na neno la kitanda. Maneno hayo mawili yamekaa jirani katika tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Walawi 20:13, na wanaoshika fundisho la kale wanaona hapo kwamba Paulo anarejea Torati moja kwa moja. Wenzao wanajibu kwamba Paulo alikuwa akikemea unyanyasaji wa watumwa na vijana uliozoeleka katika miji ya Kirumi, na hakuwa na mbele yake watu wazima wawili walioahidiana uaminifu wa maisha. Mimi naiona hoja ya kwanza kuwa na nguvu zaidi, hasa ikisomwa pamoja na Mwanzo 2:24, na nashika fundisho la kanisa langu kuhusu ndoa bila kusitasita.

Hata hivyo, Kiswahili chetu kinatuwekea mtego mmoja. Biblia ya Union Version hapo Wakorintho inasema "wafiraji" na "walawiti". Kulawiti ni neno lililotokana na Kiarabu, kwa jina la Lutu, na katika magazeti yetu leo linatumika zaidi kwa kesi za watu wazima waliowadhulumu watoto. Msomaji anayefika kwenye aya hiyo akiwa na kichwa kilichojaa habari za mahakamani huchanganya unyama dhidi ya mtoto na uhusiano wa watu wazima waliokubaliana, hali ambayo hata mwanatheolojia mwenye msimamo mkali kabisa huitenganisha.

Mgawanyiko wa makanisa umetugusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Mkutano wa maaskofu wakuu wa Anglikana wa Februari 2007 ulifanyika Dar es Salaam, na baadhi yao walikataa kushiriki meza ya Bwana pamoja na askofu kiongozi wa Kanisa la Episkopo la Marekani, kanisa lililokuwa limemweka wakfu Gene Robinson kuwa askofu mwaka 2003 akiwa anaishi waziwazi na mwanamume mwenzake. Jumapili ya mkutano huo ibada ilikuwa katika kanisa kuu la Mkunazini, Zanzibar, lililojengwa juu ya soko la zamani la watumwa. KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) nayo, baada ya Kanisa la Sweden kuanza kufungisha ndoa hizo mwaka 2009, ilitoa Tamko la Dodoma la mwaka 2010 likizikataa. Kwa Wakatoliki, tamko la Vatikani la Desemba 2023 liliruhusu baraka fupi zisizo za kiliturujia na likarudia fundisho la ndoa bila kulibadilisha. Mwezi uliofuata Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, kwa niaba ya maaskofu wa Afrika, alitangaza kwamba baraka hizo hazitatolewa katika makanisa ya bara hili.

Kuna jambo la mwisho linalochanganywa, na ndilo linaloniumiza zaidi. Kukataa kufungisha ndoa ni jambo moja, na kutaka mtu afungwe ni jambo lingine kabisa. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kinachokataza kuingiliana kinyume na maumbile na chenye adhabu isiyopungua miaka 30, kina mizizi katika sheria za Waingereza waliotutawala, wala hakikutoka katika sinodi yoyote. Uganda ilipopitisha sheria yake ya mwaka 2023 dhidi ya ushoga, Askofu Mkuu Stephen Kaziimba aliiunga mkono, ingawa alipendelea kifungo cha maisha badala ya kifo. Justin Welby, Askofu Mkuu wa Canterbury wakati huo, akamwandikia kumweleza huzuni yake. Wote wawili waliongoza makanisa yasiyofungisha ndoa za jinsia moja. Papa Fransisko, aliyelishika fundisho la ndoa la kanisa lake, alisema mwanzoni mwa mwaka huo huo kwamba kuwa na hali hiyo si kosa la jinai.

Wanafunzi wangu Waanglikana wanalijua vizuri Azimio la 1.10 la Mkutano wa Lambeth wa mwaka 1998, mkutano wa maaskofu wa Anglikana wa dunia nzima, lililopita kwa kura 526 dhidi ya 70, kwa kuwa lilitamka kuwa matendo ya ushoga hayapatani na Maandiko. Tamko hilo limo katika kipengele cha nne. Sentensi iyo hiyo inawaagiza Wakristo kuwahudumia watu hao kichungaji na kulaani hofu isiyo na msingi dhidi yao, na kipengele cha tatu kinawaahidi watu hao kwamba maaskofu watawasikiliza. Muhula huu nimeamua kuwagawia azimio zima, na tutaanza kulisoma kwenye kipengele hicho cha tatu.