Chikanda: Tulifunga Kitulo, Majembe Yakahamia Milima Mingine

Kila mvua zinapokaribia kukatika, ofisini kwetu hufika watu wa aina mbili. Wa kwanza ni mfanyabiashara aliyekamatiwa gunia njia ya Tunduma, mji wa mpakani na Zambia, anauliza kosa lake ni lipi wakati alichobeba ni viazi pori. Wa pili ni mwenyekiti wa kijiji kilicho mbali kabisa na hifadhi, anauliza wageni wanaozunguka na majembe vilimani juu ya mashamba ya pareto wametokea wapi. Maswali hayo mawili yana jibu moja: chikanda, yaani viazi vya okidi, mimea ya maua ya porini, ambavyo huchimbwa na kupikwa kuwa chakula.

Kitulo, iliyoko Nyanda za Juu Kusini, ilitangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Eneo lake ni kilomita za mraba 412.9, na ni hifadhi ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Sababu kubwa ilikuwa okidi. Makadirio ya watafiti yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba viazi vya okidi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vikivushwa kila mwaka kutoka Nyanda za Juu Kusini kwenda Zambia, ambako hukaushwa, hutwangwa na kupikwa pamoja na unga wa karanga, pilipili na magadi mpaka vishikane kama mkate mzito. Zamani kilikuwa chakula cha vijijini. Kilipoingia mijini, okidi za Zambia zikaanza kupungua, wanunuzi wakavuka mpaka wa Nakonde kuja kwetu.

Tulipofunga Kitulo, walaji hawakupungua. Mnunuzi alibaki pale pale Tunduma na fedha mkononi, naye mchimbaji akatafuta kilima kisicho na askari: safu za Uporoto, Umalila, hadi uwanda wa Ufipa. Huko okidi hazikuwa na mtu wa kuzilinda. Sisemi marufuku ilikuwa kosa. Bila hifadhi ile pengine leo tungekuwa tunaonyeshana picha tu. Ila tuliokuwa kwenye kazi hii tulipaswa kutazama nje ya mpaka wa hifadhi mapema zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo nililiona siku tulipomwaga gunia moja mezani. Okidi hizi zina viazi viwili chini. Kimoja kimesinyaa, ndicho kilicholisha shina la mwaka huu. Cha pili ni kigumu na kimejaa, ndicho cha mwakani. Soko linataka hicho kigumu, kwa hiyo ukikichukua mmea umekwisha. Wachimbaji wa zamani walikuwa wanabinya kwanza, kilicho laini wanafukia, na mmea mdogo wanauacha ukue. Kwenye gunia lile kulikuwa na kila kitu: vilivyosinyaa, vilivyooza, na vingine vidogo kuliko punje ya karanga. Anayechimba usiku kwa tochi huku akisikilizia pikipiki ya askari hana muda wa kubinya. Anazoa. Na mbegu ya okidi, ambayo ni vumbi tupu, haioti mpaka ikutane na kuvu fulani kwenye udongo, kisha inangoja miaka ndipo itoe ua.

Halafu tujiulize anayechimba ni nani. Utafiti uliofanyika Makete na kuchapishwa mwaka 2009 ulihusisha uchimbaji huu na kaya maskini zilizoumizwa na UKIMWI. Marufuku inapowekwa bila njia nyingine ya kipato, anayeumia kwanza ni mama wa kaya hizo anayechimba. Dalali wa Tunduma hupandisha bei kufidia hatari, na faida ya hatari hiyo haishuki mpaka kijijini.

Sasa sheria, kwa sababu hapa ndipo upotoshaji ulipo. Okidi zote zimo kwenye viambatisho vya mkataba wa CITES, ule wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ambao Tanzania iliridhia mwaka 1979, na nyingi zimo Kiambatisho cha Pili. Maana yake biashara ya nje haikukatazwa moja kwa moja, ila inataka kibali, na kibali hutolewa baada ya mamlaka ya kisayansi kujiridhisha kuwa uvunaji hautaangamiza mmea huo porini. Pamoja na kibali hicho unahitaji cheti cha afya ya mimea. Mzigo uliotoka msituni unahitaji pia hati ya kusafirishia mazao ya misitu, ile mnayoiita TP. TP peke yake haivushi mpaka. Stakabadhi ya ushuru wa soko nayo haivushi mpaka, hata iwe na mihuri mitatu. Ndani ya hifadhi ya taifa kung'oa mmea bila kibali ni kosa, iwe kiazi kimoja au gunia.

Na tafadhali, msichanganye chikanda na nyara za Serikali, yaani wanyamapori na sehemu za miili yao. Anayekutwa na magamba ya kakakuona anaangukia Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, ambayo kwa kumiliki nyara inafikia kifungo cha miaka 20 hadi 30. Tunaambiwa kila mara, "niliyaokota tu." Kuokota si kibali. Ukiona magamba, yaache hapo hapo, toa taarifa.

Kwa vijiji vyenye vilima vya okidi nje ya hifadhi, njia ipo, nayo ni sheria ndogo ya kijiji. Halmashauri ya kijiji iandae rasimu, iipeleke mkutano mkuu wa kijiji, kisha iwasilishwe halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Mnaweza kufunga kilima kwa misimu kadhaa, au kukataza kuchimba kabla maua hayajaangusha mbegu. Waiteni wachimbaji wenyewe kwenye mkutano huo, hasa wale akina mama, maana ndio wanaojua kilima kipi bado kina kitu. Mihtasari ya mkutano iletwe na mahudhurio yenye saini. Rasimu zisizo na mahudhurio tunalazimika kuzirudisha.