Mlango wa nyuma: maana yake, na kwa nini haumtambui mwenyewe

Mlango wa nyuma, katika teknolojia, ni njia iliyowekwa kwa makusudi ndani ya kifaa au programu ili mtu fulani aingie bila kupita kwenye ulinzi ambao wengine wote hulazimika kuupita. Kiswahili kilikuwa na msemo huu tangu zamani: aliyepata cheo kwa mlango wa nyuma ni yule ambaye utaratibu haukumgusa. Maana ya kiteknolojia haiko mbali na hiyo. Kufuli la mbele ni zima na linatangazwa kwa fahari, ila yuko mtu ambaye halimhusu.

Neno la kushika hapo ni makusudi. Programu zote zina kasoro, na kasoro nyingine humwezesha mdukuzi kuingia. Lakini kasoro ni ufa ambao fundi hakuuona. Mlango wa nyuma ni tundu ambalo fundi alilitoboa mwenyewe, akalipaka rangi lisionekane, kisha akamwonyesha mtu mmoja lilipo. Mwizi anaweza kupita kwenye vyote viwili, ila lawama si moja, na watu wakibishana kuhusu siasa za dunia tofauti hiyo ndiyo ya kwanza kupotea.

Tazama suala la Huawei, kampuni ya China inayotengeneza vifaa vya mitandao ya simu. Kwa miaka mingi Marekani imedai kuwa vifaa vya kampuni hiyo vinaweza kuitumikia serikali ya China kijasusi, na kampuni imekana. Uingereza ilianzisha kituo maalumu cha kukagua programu zake, na ripoti ya bodi inayokisimamia, iliyotoka Machi 2019, ilieleza kasoro kubwa katika ubora wa uundaji, kiasi cha kuhatarisha mitandao ya simu. Ripoti hiyohiyo ikasema wataalamu wa usalama wa mtandao wa Uingereza hawaamini kwamba kasoro hizo zilitokana na serikali ya China kuingilia kati. Anayesoma nusu ya kwanza atapiga kelele za mlango wa nyuma. Anayesoma nusu ya pili atasema kampuni imesafishwa. Ripoti haikusema lolote kati ya hayo mawili. Ilisema nyumba imejengwa vibaya.

Ugomvi mkubwa zaidi unahusu usimbaji, yaani kugeuza ujumbe kuwa herufi zisizosomeka kwa yeyote asiye na ufunguo. WhatsApp ilikamilisha usimbaji wa mwisho hadi mwisho Aprili 2016, ikiwa na watumiaji zaidi ya bilioni moja. Ujumbe husimbwa ndani ya simu ya anayetuma na husimbuliwa ndani ya simu ya anayepokea. Seva zilizo katikati hubeba furushi zisiloweza kulifungua. Mahakama ikiiamuru kampuni itoe yaliyoandikwa, kampuni haina cha kutoa, isipokuwa mambo ya pembeni kama nani aliwasiliana na nani, na lini. Hapo ndipo serikali nyingi zinapokasirika, na hapo ndipo pendekezo la mlango wa nyuma huzaliwa, mara nyingi kwa jina la heshima zaidi: njia halali ya kufikia data.

Pendekezo la wazi kuliko yote lilitolewa Aprili 1993, serikali ya Rais Bill Clinton ilipotangaza chipu iliyoitwa Clipper. Chipu hiyo ingewekwa kwenye simu na kusimba mazungumzo, lakini ufunguo wa kila chipu ungegawanywa vipande viwili na kuhifadhiwa na ofisi mbili za serikali. Polisi wenye kibali wangeviunganisha na kusikiliza. Mwaka uliofuata Matt Blaze, mtafiti katika maabara za kampuni ya simu ya AT&T, alionyesha kwamba sehemu iliyokusudiwa kuipa serikali njia inaweza kughushiwa. Ilikuwa inalindwa na alama ya uhakiki ya biti 16 tu, yaani uwezekano 65,536, na kompyuta inaweza kuujaribu wote. Mtumiaji angebaki na usimbaji wake, na serikali ingebaki na kipande cha data kisichofungua kitu. Mpango ukafa kabla muongo haujaisha. Nautaja kwa heshima fulani, kwa sababu angalau uliletwa hadharani na ukapingwa hadharani.

Ulioufuata haukuletwa hadharani. Kila usimbaji unahitaji namba nasibu, namba ambazo hakuna awezaye kuzikisia, kwa kuwa anayezikisia ana ufunguo. Mwaka 2006 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliidhinisha njia kadhaa za kuzalisha namba hizo, na moja iliitwa Dual_EC_DRBG. Mwaka 2007 Dan Shumow na Niels Ferguson, wote wa Microsoft, walionyesha kwamba namba fulani za kudumu ndani ya njia hiyo zingeweza kuchaguliwa kwa namna ambayo aliyezichagua angetabiri kila kinachofuata. Hawakumtuhumu mtu. Walionyesha hesabu tu. Mwaka 2013, nyaraka za siri alizozivujisha Edward Snowden zilipoelekeza kidole kwa NSA, shirika la ujasusi wa mawasiliano la Marekani alilokuwa amelifanyia kazi, NIST iliwaambia watu waache kuitumia, na mwaka 2014 ikaiondoa.

Lakini kisa hakikuishia hapo, na kilichofuata ndicho ninachotaka kila mtu anayetetea milango ya nyuma akisome mara mbili. Desemba 2015 kampuni ya Juniper, inayouza vifaa vya kulinda mitandao, ilitangaza kuwa imekuta ndani ya programu yake maagizo ya kompyuta ambayo haikuyaidhinisha. Watafiti walipochunguza, waligundua kwamba vifaa hivyo vilikuwa vikitumia Dual_EC, na kwamba mtu alikuwa ameingia na kuibadilisha ile namba ya kudumu, akaweka yake. Hakuhitaji kuvunja ukuta. Mlango ulikuwa tayari umejengwa. Alichofanya ni kubadili kitasa na kuondoka na ufunguo.

Ugiriki ilipitia jambo la aina hiyo mapema zaidi, na kwa njia inayoumiza zaidi kwa sababu kila kitu kilianza kihalali. Mitambo ya kuunganisha simu iliyotengenezwa na Ericsson ilikuwa na sehemu ya kunasa mazungumzo kwa amri ya mahakama, kwani nchi nyingi hutaka mitambo iwe na uwezo huo. Kampuni ya Vodafone nchini Ugiriki haikuwa imenunua programu ya kuendesha na kukagua unasaji huo. Hata hivyo uwezo wenyewe ulikuwa umo ndani ya mitambo, umelala. Mwaka 2004 watu wasiojulikana waliingiza programu yao iliyouamsha. Kwa miezi kadhaa simu zaidi ya 100 zilinakiliwa neno kwa neno, na nakala zikapelekwa kwenye simu za kulipia kabla zisizo na jina la kueleweka. Kati ya waliosikilizwa alikuwemo waziri mkuu Kostas Karamanlis, pamoja na mawaziri na maafisa wa usalama. Jambo liligunduliwa mapema mwaka 2005 kwa bahati tu: wavamizi walisasisha programu yao, sasisho likavuruga ujumbe mfupi wa wateja, na mafundi wakaanza kutafuta sababu. Wananchi waliambiwa Februari 2006.

Fikiria mpangilio wake. Mwenye mtambo hakuweza kuona kwamba unasaji unaendelea, kwa kuwa chombo cha kuukagua hakuwa nacho. Mwizi aliweza, kwa kuwa alileta chake.

Miaka 20 baadaye Marekani ilipata somo hilohilo. Sheria yake ya mwaka 1994, iitwayo CALEA, inazitaka kampuni za simu ziwe na uwezo wa kunasa mawasiliano pale mahakama inapoamuru. Mwaka 2024 ilifichuka kwamba wadukuzi waliopewa jina la Salt Typhoon, ambao Marekani inasema wanahusiana na serikali ya China na ambao China inakana kuwatuma, walikuwa wameingia kwenye kampuni kubwa za simu, zikiwemo AT&T na Verizon, na kufikia hata mifumo inayohusika na unasaji wa kisheria. Desemba mwaka huo maafisa wa usalama wa Marekani, akiwemo wa FBI, shirika la upelelezi la nchi hiyo, wakawashauri wananchi watumie programu zenye usimbaji. FBI ileile iliyokuwa imetumia miaka mingi kulalamika kwamba usimbaji unawaacha gizani.

Katika mashirika ya kijasusi kuna wazo kwamba udhaifu unaweza kuachwa wazi iwapo hakuna mwingine ila wao atakayeweza kuutumia. Visa hivi vyote ni jibu kwa wazo hilo. Kanuni ya hesabu haiwezi kumuuliza anayeingia ana kibali cha hakimu gani. Inajua tu kama ufunguo umekubali au umekataa, na funguo huibwa, hunakiliwa, huuzwa, au hukabidhiwa kwa serikali mpya baada ya uchaguzi.

Wanaotaka njia hiyo wana hoja, na si haki kuwadhihaki. Picha za watoto wanaodhulumiwa husambazwa kupitia mawasiliano yaliyosimbwa. Watekaji nyara na walipuaji mabomu hupanga mambo yao humo. Mpelelezi aliyeshika simu iliyofungwa ya mtu aliyeua anastahili kusikilizwa. Ila kulinganisha mlango wa nyuma na kibali cha kupekua nyumba, kama inavyofanywa mara nyingi, si sahihi. Kibali hufungua nyumba moja, ya mshukiwa mmoja, siku moja. Mlango wa nyuma hubadilisha kufuli la kila nyumba, kuanzia siku fundi alipolitengeneza.

Tofauti hiyo ilionekana baada ya mauaji ya San Bernardino, Marekani, Desemba 2015, ambapo watu 14 waliuawa. Februari 2016 mahakama iliiamuru Apple iandike programu ya kulegeza ulinzi wa simu ya mmoja wa wauaji. Apple ikakataa, ikisema programu hiyo ikishakuwepo itatakiwa kwa simu nyingine pia. Machi FBI ikaacha kesi kwa sababu ilikuwa imepata mtu wa nje aliyeifungua. Njia hiyo ni ghali na ngumu, na haiwezekani kila mara. Kwangu mimi ugumu huo ni sehemu ya ulinzi: serikali inayolazimika kuhangaika na simu moja moja haiwezi kuwapekua watu milioni kwa mkupuo. Na nakubali gharama yake, kwamba uhalifu mwingine hautaonekana.

Siku hizi pendekezo limebadili umbo. Badala ya kuugusa usimbaji, simu yenyewe ikague picha au ujumbe kabla haujasimbwa. Apple ilitangaza mpango wa kukagua picha zinazopelekwa kwenye hifadhi yake ya wingu, yaani kompyuta zake za mbali zinazotunza data za wateja, Agosti 2021, ikauacha Desemba 2022. Kamisheni ya Umoja wa Ulaya ilipendekeza sheria ya kugundua picha za dhuluma dhidi ya watoto Mei 2022, na ubishi juu yake umekuwa mkali tangu hapo. Watetezi husema huo si mlango wa nyuma kwa sababu usimbaji haukuguswa. Neno moja moja, wako sahihi. Lakini barua ikisomwa mezani pako kabla hujaitia kwenye bahasha, ubora wa bahasha haukusaidii. Na orodha ya vitu vya kutafutwa haitungwi na mwenye simu.

Yapo pia mataifa yaliyouziana milango hii kwa miongo. Crypto AG ilikuwa kampuni ya Uswisi iliyouza mashine za usimbaji kwa nchi zaidi ya 120. Mwaka 1970 ilinunuliwa kwa siri na CIA pamoja na BND, shirika la ujasusi la Ujerumani Magharibi, na mashine nyingi zilidhoofishwa ili ujumbe wa wateja usomeke. Wajerumani walijitoa miaka ya 1990, Wamarekani wakaendelea. Mwaka 1992 Iran ilimkamata mchuuzi wa kampuni, mtu ambaye hakujua anauza nini, akakaa gerezani miezi tisa. Ukweli wote ulichapishwa Februari 2020. Kwa hiyo nchi inapotuhumu vifaa vya mwenzake, tuhuma hiyo haitoki hewani. Mara nyingine anayetuhumu anaijua kazi hiyo kwa mikono yake.

Februari 2025 magazeti yaliripoti kwamba Uingereza, kwa sheria yake ya mwaka 2016, ilikuwa imeipa Apple amri ya siri kutaka njia ya kufikia data za hifadhi ya wingu zilizosimbwa mwisho hadi mwisho, bila kujali mtumiaji yuko nchi gani. Anayepewa amri hiyo haruhusiwi hata kusema amepewa. Wiki mbili hivi baadaye Apple ikaacha kutoa ulinzi huo kwa watumiaji walioko Uingereza. Serikali ya Marekani, iliyopambana na Apple mwaka 2016, sasa ikasimama upande wa pili, na Agosti 2025 mkuu wake wa ujasusi, Tulsi Gabbard, alitangaza kuwa Uingereza imekubali kuacha dai hilo. Alieleza kuwa alifanya hivyo ili data za Wamarekani zibaki salama. Wasio Wamarekani, ambao data zao zilikuwa nyuma ya kufuli hilohilo, hakuwataja.