Udhanifu: je, fungu lipo maji yakijaa?

Ukitoka Lamu kwenda Pate kwa mashua, unapita Mkanda, ule mlango mwembamba baina ya Manda na bara. Maji yakijaa huoni ila maji na mikoko. Yakipwa, fungu la tope linatokeza, na chombo kilichochelewa kinapanda. Niliwahi kukwama pale, ikabidi tushuke kusukuma, tope baridi hadi magotini. Basi asubuhi, maji yalipokuwa yamejaa, fungu lilikuwapo?

Nahodha atakuonyesha mikwaruzo chini ya mashua yake. Lakini udhanifu haujibiki kwa mikwaruzo.

Udhanifu ni msimamo wa kifalsafa kwamba msingi wa uhalisia ni akili na yale inayoyahisi, si maada inayojitegemea. George Berkeley wa Ireland aliutetea katika kitabu alichokitoa mwaka 1710: kwa kitu cha kuhisiwa, kuwapo ni kuhisiwa. Jaribu mwenyewe. Lieleze lile fungu bila kutaja weusi wake, ubaridi, utelezi, harufu. Umebakiwa na nini? Na ile mikwaruzo ya nahodha nayo umeiona kwa macho, umeipapasa kwa mkono. Kila shahidi unayemleta ni hisi nyingine.

Wengi humsingizia Berkeley kwamba alisema vitu hutoweka tukifumba macho. La. Alishikilia kuwa Mungu huviona daima, ndiyo maana fungu haliondoki mahali pake na hutushtua hata tusipolitarajia. Kwangu mimi, mshtuko huo ndio kiini cha mambo: hisi zangu sizichagui. Anayeamini maada huanzia hapohapo, ila yeye husema kuna kitu nje kinachozisababisha. Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant, mwaka 1781, alishika njia ya katikati: vitu vyenyewe vipo, ila tunavijua kwa jinsi vinavyotutokea tu.

Siku hizi utasikia eti fizikia ya kwanta, ile ya chembe ndogo mno, imethibitisha kuwa fahamu ya mtu ndiyo inayoumba ulimwengu, kwa kuwa chembe hubadili mwenendo zikitazamwa. Sivyo. "Kutazama" kule ni kupima. Katika jaribio la nyufa mbili, chembe hurushwa kupitia nyufa hizo hadi kwenye kiwambo, zikachora milia kama ya mawimbi; kifaa kikinasa chembe imepita ufa upi, milia hiyo hupotea, hata kama chumbani hamna mtu. Wanafizikia bado wanabishana kipimo hufanya nini hasa. Lakini fahamu, ile tunayosema mtu ameipoteza anapozirai, haimo katika hesabu zao.