Beringi za usahihi wa juu: yanayosemwa na yanayopimika

Dhana: beringi nzuri ni ile inayozunguka muda mrefu ukiisukuma kwa kidole.

Kidole hupima zaidi grisi iliyomo ndani kuliko ubora wa beringi. Beringi ya 608 (ndogo, yenye tundu la milimita 8) iliyooshwa kwa petroli na kukaushwa huizidi kwa mbali beringi mpya yenye grisi, na ndiyo itakayokufa mapema ikifungwa ilivyo.

Kiwandani hupimwa mtetemo. Ringi ya ndani huzungushwa mara 1,800 kwa dakika, ringi ya nje huzuiwa isizunguke huku ikikandamizwa kwa mzigo mdogo unaojulikana, kisha sindano ya kipimo hugusishwa ubavuni mwake. Ishara inayopatikana hugawanywa katika masafa matatu: hezi 50 hadi 300, 300 hadi 1,800, na 1,800 hadi 10,000. Njia ya gololi iliyopinda kidogo huonekana zaidi masafa ya chini, makosa madogomadogo ya uso wa gololi huonekana ya juu, na uchafu hujitokeza kama miruko ya ghafla.

Dhana: mikromita ikisoma sawa kila upande, basi kitu ni duara.

Hii inawanasa hata mafundi wazoefu. Kuna umbo la pembe tatu zilizoviringwa ambalo upana wake haubadiliki popote utakapolipima, na mikromita yenye taya mbili zinazotazamana haioni kosa lake hata chembe. Usidhani ni umbo la vitabuni. Mashine ya kusaga shafti isiyotumia senta, ambamo shafti hulala juu ya ubao kati ya jiwe la kusaga na gurudumu la kuiongoza, huzaa pembe 3, 5 au 7 endapo kimo cha ubao hakikuwekwa sawa. Beringi ikikaa juu ya shafti kama hiyo, ringi yake nyembamba hufuata umbo la shafti.

Kipimo cha karakana ni kitalu cha V, yaani kipande cha chuma chenye mfereji wa umbo la V. Laza shafti humo, simamisha daili geji (kipimo chenye sindano) juu yake, zungusha polepole. V ya nyuzi 60 hukuza kosa la pembe 3 mara tatu: sindano ikicheza mikroni 9, kosa halisi ni mikroni 3 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Ila V hiyohiyo ni kipofu kwa pembe 5. V ya nyuzi 90 huziona pembe 3 na pembe 5, zote kwa kuzikuza mara mbili. Pembe 7 huzipita V zote mbili bila sindano kutikisika; hapo tafuta V ya nyuzi 120. Karakana yenye kitalu kimoja tu haina haki ya kuapa kwamba shafti yake ni duara.

Dawa kamili ilikuwa kuzungusha sindano au kazi yenyewe (kitu kinachopimwa) juu ya spindeli sahihi, yaani mhimili wa mashine unaozunguka, na kuchora umbo lote. Taylor Hobson ya Leicester, Uingereza, ilileta mashine ya namna hiyo, Talyrond, mwaka 1949. Swali likabaki: kosa linalochorwa ni la kazi au la spindeli inayopima? Mwaka 1972 Robert Donaldson, Mmarekani, alitoa jibu lisilodai kifaa kipya. Pima mara ya kwanza. Kisha geuza kazi nyuzi 180, hamishia sindano upande wa pili, upime tena. Jumlisha vipimo viwili ugawe kwa mbili, unapata kosa la kazi. Toa kimoja kwa kingine ugawe kwa mbili, unapata kosa la spindeli.

Dhana: gololi sahihi husagwa mojamoja.

Ingekuwa hivyo, beringi ingekuwa bidhaa ya masonara. Mwaka 1883 Friedrich Fischer wa Schweinfurt, Ujerumani, alibuni mashine ya kusaga gololi nyingi kwa pamoja. Katika mashine za leo gololi hupita kati ya sahani mbili zenye mifereji, moja imetulia na nyingine inazunguka. Gololi kubwa kuliko wenzake ndiyo inayobeba mzigo wa sahani, kwa hiyo ndiyo inayolika, ndogo husubiri. Kila mzunguko hutoka, huchanganywa, na kuingia mfereji mwingine ikiwa imelala vingine. Wingi wenyewe ndio unaozisawazisha. Gololi za daraja G10 huruhusiwa kupotoka kwenye uduara kwa mikroni 0.25, na za G5 kwa 0.13.

Dhana: ABEC kubwa ni kasi kubwa na maisha marefu.

ABEC ni daraja la vipimo vya ringi na kuyumba kwake, basi. Haisemi chuma ni cha aina gani, gololi zina ulaini gani, keji (fremu inayotenganisha gololi) ni ya nini wala grisi ni ipi. Mfano: ringi ya ndani yenye tundu la milimita 25 huruhusiwa kuyumba mikroni 13 katika daraja la kawaida, 4 katika P5 ya kiwango cha kimataifa cha ISO (sawa na ABEC 5), na 3 katika P4 (ABEC 7). Angalia namba zinavyokwenda kinyume: kwa ISO ndogo ndiyo bora, kwa ABEC kubwa. Ukiifunga P4 kwenye shafti inayoyumba mikroni 10, umelipia mikroni ambazo hutaziona.

Dhana: C3 ni beringi legevu, au ni daraja la usahihi.

Si hili wala lile. C3 ni ukubwa wa nafasi kati ya gololi na njia zake. Beringi ya 6205 ya kawaida ina nafasi ya mikroni 5 hadi 20. Ya C3 ina 13 hadi 28. Sasa ipeleke kwenye mota. Shafti ikibana kwa mikroni 8, njia ya ndani hupanuka takriban 6. Ringi ya ndani ikiwa na joto la nyuzi 10 zaidi ya ile ya nje, zinaondoka nyingine 4 au 5. Jumla ni 10 au 11. Beringi ya kawaida iliyoanza na 5 imeshakwama. Ya C3 iliyoanza na 13 bado ina 2 au 3.

Spindeli ya mashine ya kukereza hutaka kinyume chake: beringi za pembe hufungwa mbilimbili, nyuso zake zikiwa zimesagwa ili nati ikikazwa nafasi iishe na ubaki mbano kidogo.

Dhana: grisi nyingi haidhuru. Inadhuru. Jaza takriban asilimia 30 ya nafasi ya ndani, na pungufu zaidi kwa spindeli za kasi. Inayozidi huvurugwa na kuchemka.

Dhana: maisha yaliyoandikwa kwenye katalogi ni dhamana.

Arvid Palmgren wa SKF, kampuni ya beringi ya Göteborg, Sweden, alilieleza jambo hili tangu 1924, na hesabu kamili aliitoa pamoja na Gustaf Lundberg mwaka 1947. Namba ya katalogi, L10, ni mizunguko ambayo beringi 90 kati ya 100 zinatarajiwa kuifikia. 10 zitakuwa zimeshachubuka. Chukua uwezo (mzigo unaolingana na L10 ya mizunguko milioni moja) wa kilonyutoni 14 na mzigo halisi wa 1.4: mara 10, kipeo cha tatu, ni mizunguko milioni 1,000, yaani kama saa 11,100 kwa mizunguko 1,500 kwa dakika. Mzigo ukiongezeka maradufu, zinabaki saa 1,390 hivi. Kwa upande mwingine, nusu ya beringi hufika karibu mara tano ya L10. Kwa mtawanyiko mkubwa hivyo, beringi moja iliyokufa mapema haitoshi kulihukumu boksi zima, na moja iliyodumu haitoshi kulisifu.