Mabawa ya Kuku Hayahitaji Karai la Mafuta Ili Ngozi Ikauke

Katika madarasa ya upishi ninayofundisha, hakuna somo linalokuja na imani nyingi kama mabawa ya kuku. Mtu anafika akiwa ameshaambiwa yote na shangazi, na jirani, na video aliyoitazama usiku. Imani nyingine hazina madhara makubwa, nitazipitia haraka. Lakini ipo moja ambayo nimeisikia mara nyingi mno, na inanikera kwa sababu inawafanya watu wenye oveni nzuri na hamu ya kupika waache kabisa kupika mabawa nyumbani. Tuanze na hiyo. Nyuzi zote nitakazotaja ni za Selsiasi.

"Bila mafuta mengi, ngozi haikauki"

Si kweli. Kinachokausha ngozi ni maji kutoka. Mafuta ya karai ni njia moja tu ya kuyatoa.

Ngozi mbichi ya kuku ina maji mengi, ina mafuta yake yenyewe, na ina kolajeni, ile protini inayoifanya ivutike. Maadamu ngozi bado ina maji ya kutosha juu yake, joto la pale haliwezi kupanda sana kupita nyuzi 100, hata kama oveni umeiwasha nyuzi 220. Nayo ile rangi ya kahawia, pamoja na harufu inayomtoa mtu chumbani, huanza kujitokeza vizuri ngozi inapofika nyuzi 140 hivi. Kwa hiyo bawa lenye ngozi mbichi-mbichi linaendelea kuiva kwa mvuke wake, na wewe unasimama mbele ya kioo cha oveni ukilaumu kutokuwepo kwa mafuta.

Angalia hesabu yenyewe. Kupasha gramu moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 kunataka jouli 335 hivi (jouli ni kipimo cha nishati). Kuigeuza gramu hiyo hiyo iwe mvuke kunataka jouli 2,260 hivi, karibu mara saba. Kila tone la maji uliloacha juu ya bawa lazima lilipiwe bei hiyo kabla ngozi haijaanza kubadilika rangi. Ndiyo maana napiga kelele darasani kuhusu kukausha mabawa kabla ya kuyapika, na ndiyo maana sina subira na mtu anayeyatoa kwenye maji, anayatikisa mara mbili, kisha anayamwaga kwenye trei.

Sasa mafuta ya moto yanafanya nini? Yanapitisha joto haraka kuliko hewa, na yanaligusa bawa pande zote, mpaka kwenye mikunjo ya kwapani. Dakika 10 ndani ya mafuta ya nyuzi 180 zinafanya kazi ambayo oveni ya nyuzi 220 inaifanya kwa dakika 45. Tofauti hapo ni ya kasi. Ukiipa oveni muda wake na ngozi iliyokaushwa, inafika.

Tena oveni ina faida ambayo wapenzi wa karai hawaisemi. Chini ya ngozi ya bawa kuna tabaka la mafuta, na mafuta hayo yanahitaji muda kuyeyuka na kutoka. Bawa nene lililokaa dakika 8 tu kwenye mafuta ya moto mara nyingi linakuja mezani na ngozi kavu juu na utelezi chini yake. Katika oveni, muda ule mrefu unayayeyusha, yanachuruzika polepole, na ngozi inakaangika katika mafuta yake yenyewe. Ndiyo sababu huna haja ya kumimina kikombe cha mafuta kwenye trei. Mimi siweki hata kijiko.

Kuna jambo jingine linaloharibu mabawa ya oveni, nalo linatokana na nia njema. Watu wamesikia kwamba kuku ni salama akifika nyuzi 74, na hiyo ni kweli, basi wanaogopa kupita hapo kana kwamba nyama itageuka pamba. Hofu hiyo iwekeni kwa kidari. Bawa lina mifupa, viungo, kano na ngozi nyingi kwa nyama kidogo, na kolajeni yote hiyo inaanza kulainika vizuri joto linapopita nyuzi 80. Bawa lililotolewa kwenye nyuzi 74 ni salama, lakini linang'ang'ania mfupa na ngozi yake inavutika. Liache lifike nyuzi 85 hadi 90. Nyama haikauki, kwa sababu kolajeni imegeuka kuwa jelatini na inashikilia unyevu. Ukitafuna bawa la oveni ukaliona gumu, uwezekano mkubwa ni kwamba ulilitoa mapema.

Ninavyofanya mimi ni hivi, na sitachoka kulirudia. Futa mabawa kwa taulo za karatasi mpaka karatasi itoke kavu. Kwa kilo moja ya mabawa, changanya kijiko kimoja cha chakula, kilichosawazishwa, cha beking poda na kijiko kimoja cha chai na nusu cha chumvi laini, uyapake yote. Yapange juu ya waya uliowekwa ndani ya trei, bawa lisigusane na jirani yake, kisha yaingize kwenye friji bila kufunika, rafu ya chini kabisa ili yasichuruzikie chakula kingine, yalale humo usiku mzima. Hewa kavu ya friji inaendelea kunyonya maji ya juu. Chumvi inaingia ndani ya nyama. Beking poda nayo inaipa ngozi ualikali kidogo, yaani kinyume cha uchachu, protini zake zinakatika kwa urahisi na rangi ya kahawia inakuja mapema zaidi. Kesho yake, oveni nyuzi 220, dakika 45 hadi 50, ukiyageuza mara moja katikati.

Usibadilishe beking poda kwa beking soda, wala kwa magadi. Hizo ni kali kuliko unavyodhani, na kiasi hicho hicho kitakupa ladha ya sabuni ambayo hakuna mchuzi utakaoificha. Na usiruke waya. Bawa lililolala moja kwa moja kwenye trei linaogelea katika majimaji yake, upande wa chini unabaki laini, halafu lawama zinarudi kwa oveni.

Sisemi karai ni baya. Ukipenda kukaanga, kaanga, ila fanya kwa mikupuo miwili: kwanza mafuta ya nyuzi 150 kwa dakika 8 hadi 10, toa, pumzisha juu ya waya, kisha rudisha kwenye mafuta ya nyuzi 190 kwa dakika 3 hivi. Mkupuo wa kwanza unaivisha na kuyeyusha mafuta ya chini ya ngozi, wa pili unamalizia maji ya juu. Weka mabawa machache kwa wakati mmoja. Ukijaza karai, joto la mafuta linaporomoka na utapata mabawa yaliyochemka ndani ya mafuta. Na yakitoka, yamwage juu ya waya papo hapo, yasirundikwe kwenye bakuli: mafuta mengi huingia kwenye chakula baada ya kutoka karaini, mvuke unapopoa na kuyavuta yale yaliyobaki juu.

"Kikaangio cha hewa kinakaanga"

Hakikaangi. Ni oveni ndogo yenye feni kali, na kwa mabawa hiyo ni habari nzuri, kwa sababu feni inaufagia mvuke kutoka juu ya ngozi na nafasi ndogo inapata moto haraka. Nyuzi 200, dakika 20 hadi 25, ukitikisa kikapu mara mbili. Wanaolalamika kwamba kimewaharibia mabawa karibu wote wamefanya mojawapo ya mambo mawili: wamejaza kikapu mpaka juu, au wamechovya mabawa kwenye rojo la unga linalochuruzika kabla halijashika. Rojo linataka karai. Tabaka moja la mabawa yaliyokaushwa ndilo linalotaka kikaangio hiki. Kwa watu wawili sioni sababu ya kuwasha oveni kubwa. Kwa watu wanane, rudi kwenye oveni, vinginevyo utapika kwa zamu na wa mwisho watakula wenzao wameshanawa mikono.

"Lazima uyachemshe kwanza, la sivyo hayaivi ndani"

Bawa ni jembamba. Hakuna njia hapa ambayo haitalifikisha nyuzi 74 ukiipa muda. Ukichemsha, sehemu ya ladha unaiacha ndani ya sufuria, na ngozi unaijaza maji yale yale ambayo tumetumia nusu ya makala haya kuyaondoa. Kama una sababu ya kuyaivisha mapema, yapike kwa mvuke dakika 10, mafuta yachuruzike chini, kisha uyakaushe kwenye friji kabla ya kuyaingiza kwenye oveni. Hiyo inafanya kazi vizuri. Kuchemsha kwa hofu hakusaidii kitu.

"Wekundu kwenye mfupa ni ubichi"

Mara nyingi sivyo. Kuku wanaouzwa huchinjwa wakiwa wadogo, mifupa yao ina vitundu vidogo vidogo, na rangi ya uboho hupenya ikapaka nyama iliyo karibu, hata nyama iliyoiva. Kinyume chake pia ni kweli: nyama inaweza kuonekana nyeupe kabla haijafika joto salama. Rangi ya majimaji nayo haiaminiki. Nunua kipimajoto, chomeka ncha kwenye sehemu nene bila kugusa mfupa, usome. Sielewi kwa nini mtu atanunua vyombo vya kila aina jikoni halafu akadirie kwa macho jambo hili.

"Mkaa ukiwa mkali ndio yanaiva haraka"

Yanaungua haraka. Mafuta ya ngozi yanadondoka kwenye makaa, miali inaruka, masizi yanashika nje huku kiungo cha ndani bado ni kibichi. Sogeza makaa yote upande mmoja, panga mabawa upande usio na moto, funika, dakika 25 hadi 35. Yakishaiva, yapeleke juu ya makaa dakika chache za mwisho, na hapo usiondoke. Kati ya njia zote, hii ndiyo inayonipa ladha ninayoipenda zaidi, kwa sababu ya moshi. Ila ndiyo inayotaka usimamizi mwingi zaidi.

"Anza na moto mkali ili ufunge maji ndani"

Wazo hili lilienezwa na mwanakemia Mjerumani Justus von Liebig katikati ya karne ya 19, na limekanushwa kwa kipimo rahisi kabisa: pima nyama kabla na baada ya kuipika. Iliyoanzishwa kwa moto mkali haipotezi maji kidogo kuliko nyingine. Ngozi iliyokaushwa haizuii kitu kutoka, ndiyo maana unasikia nyama ikiendelea kuchachatika hata baada ya kubadilika rangi. Moto mkali unaleta rangi na ladha, na hizo zinatosha kuwa sababu.

"Yakilala kwenye viungo siku mbili, ladha inafika mfupani"

Chumvi inafika. Kitunguu saumu, tangawizi, pilipili na wenzao vinabaki juu juu, kina cha milimita chache. Ndimu au siki ya siku mbili inaharibu uso wa nyama, unakuwa kama unga, na ngozi inabaki imelowa. Chumvi iende usiku uliotangulia, viungo vikavu muda mfupi kabla ya kupika.

"Lazima uyaoshe vizuri, ndiyo usafi"

Maji ya bomba hayaui Salmonella wala Campylobacter. Yanachofanya ni kurusha matone yenye bakteria hao kwenye sinki, kaunta na kachumbari iliyo pembeni. Mamlaka za chakula za Marekani na Uingereza zinashauri wazi kuku mbichi asioshwe. Joto la kupika ndilo linalowaua. Osha mikono, ubao na kisu kwa sabuni. Ukiona unyoya au uchafu, uondoe kwa taulo ya karatasi.

"Yakitoka friza yaingie moja kwa moja kwenye mafuta, barafu itayeyuka"

Usifanye hivyo kamwe. Maji yakigeuka mvuke huchukua nafasi kama mara 1,700 ya ile ya awali. Barafu iliyoganda kwenye mabawa ikizama ndani ya mafuta ya nyuzi 180, mafuta yanafura, yanamwagika kwenye jiko, na moto unawaka. Ukiwaka, zima jiko, funika karai kwa mfuniko au trei, usimwage maji hata kikombe. Oveni na kikaangio cha hewa zinaweza kupokea mabawa yaliyoganda, ingawa ngozi haitakauka vizuri, kwa sababu unazozijua sasa.

"Paka asali na mchuzi mwanzoni ili ushike"

Utashika, halafu utaungua. Asali huanza kuungua mapema kuliko sukari ya kawaida, na mchuzi wote unairudishia ngozi maji uliyohangaika kuyatoa. Pika mabawa makavu mpaka mwisho. Pasha mchuzi kando kwenye sufuria mpaka uwe mzito wa kushika mgongo wa kijiko, weka mabawa kwenye bakuli kubwa, mimina, rusharusha, na yaende mezani dakika hiyo hiyo. Ukitaka yang'ae, baada ya kuyapaka yarudishe kwenye oveni dakika 3 hadi 5, ukiyaangalia. Na kama wageni hawajafika, mchuzi ubaki sufuriani na mabawa yabaki juu ya waya.