Sasisho halijafuta mipangilio yako

Kila toleo jipya la Plasma au GNOME, mazingira mawili ya eneokazi ya Linux, linapoingia kwenye kompyuta za wateja wangu, najua maneno yatakayofuata: "Fundi, sasisho limenifutia mipangilio yote." Nimeyasikia tena juzi, na safari hii mteja alikuwa ameshaifuta folda nzima ya ~/.config, inayohifadhi mipangilio ya programu, kabla hajanipigia simu, kwa kuwa mtu fulani mtandaoni alimwambia ndiyo dawa. Sasisho lilikuwa halijampotezea chochote. Ile amri ya kufuta ndiyo iliyoondoka na alamisho na nywila zake za Chromium, kamusi binafsi ya LibreOffice aliyokuwa akiijaza maneno kwa miaka, na kila njia ya mkato ya kibodi aliyojiwekea. Inaniuma kwa sababu hasara hiyo ilikuwa inaepukika kabisa.

"Sasisho limefuta mipangilio yangu"

Si kweli, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ukiielewa hii, nusu ya malalamiko ya kila toleo jipya yanajijibu yenyewe.

Mazingira ya eneokazi hayaandiki kila mpangilio kwenye faili zako. Kwa sehemu kubwa yanaandika yale tu uliyoyabadilisha. Plasma huyaweka katika faili za maandishi ya kawaida ndani ya ~/.config: kdeglobals kwa mambo ya jumla, kwinrc kwa madirisha, na nyinginezo. Fungua kwinrc ya mtu ambaye hajawahi kugusa mipangilio ya madirisha uone ilivyo fupi. GNOME nayo hutumia hifadhidata ndogo iliyoko ~/.config/dconf/user, na ukiandika `dconf dump /` kwenye terminali utaoneshwa funguo zote zilizowahi kupewa thamani na wewe au na programu unazotumia. Kila kisichokuwemo humo kinasomwa kutoka kwenye chaguomsingi, na chaguomsingi linakuja na programu yenyewe. Wasanidi wakilibadilisha, linabadilika kwa kila mtu ambaye hakuwa ameandika lake.

Chukua Plasma 6.0, iliyotoka tarehe 28 Februari 2024. Kabla yake, chaguomsingi la KDE, mradi unaotengeneza Plasma, lilikuwa kufungua faili au folda kwa kubofya mara moja, ingawa baadhi ya distro (aina za Linux kama Ubuntu na Debian) zilikuwa zimeshalibadilisha zenyewe. Kuanzia 6.0, kubofya mara moja kunachagua, mara mbili kunafungua. Watu waliamka, wakabofya folda, haikufunguka, wakasema kipanya kimekufa. Toleo hilohilo liliwasha pia kubofya kwa kugusa kwenye padi ya laptopu chini ya Wayland, mfumo mpya wa kuonesha madirisha kwenye skrini, na wenye laptopu nao wakaja wakisema padi inabofya yenyewe. Likabadilisha mwonekano unaotokea ukibonyeza Alt na Tab, ukawa gridi ya picha ndogo za madirisha. Paneli ya chini ikaanza kuelea badala ya kubana ukingo wa skrini. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichotokana na kufutwa kwa kitu. Kila kimoja kina swichi yake ndani ya Mipangilio ya Mfumo, na kukirudisha kama zamani ni kazi ya chini ya dakika.

Wapo wanaonibishia: "Lakini kubofya mara moja nilikuchagua mwenyewe, nakumbuka!" Nawaamini. Walifungua ukurasa ule, wakaona kidoti kiko kwenye kubofya mara moja, wakaridhika, wakafunga. Au walienda kwenye kubofya mara mbili, hawakupapenda, wakarudi. Ila katika Plasma, ukiuacha mpangilio katika thamani ambayo tayari ni chaguomsingi, kwa kawaida hauandikwi kwenye faili, na kama ulikuwa umeandikwa unaondolewa. Kwa macho ya kompyuta, aliyechagua chaguomsingi kwa moyo wote na ambaye hakuwahi kufungua ukurasa huo ni mtu mmoja. GNOME inatofautiana kidogo hapo: ufunguo wa dconf ukishapewa thamani, thamani hiyo hubaki hata kama inalingana na chaguomsingi la siku hiyo. Ndiyo maana watumiaji wa GNOME huniletea malalamiko ya namna hii mara chache zaidi.

Kuhakikisha si kazi. Tangu Plasma 5.20 ya Oktoba 2020, Mipangilio ya Mfumo ina kitufe kinachoangazia mipangilio yote iliyo tofauti na chaguomsingi. Ukikibonyeza, kila ukurasa uliowahi kuubadilisha unawekewa alama. Mimi huwaomba wateja wakibonyeze kabla ya kuruka toleo kubwa, wapige picha ya skrini, kisha wakibonyeze tena baada ya kusasisha. Alama zikiwa palepale, hakuna kilichofutwa, na tunaanza kuzungumza lugha moja.

Kuna upande wa pili wa dhana hiihii, nao ni viendelezi na wijeti. Mtu anasasisha, kidirisha cha hali ya hewa kimetoweka kwenye paneli, na hukumu inatoka hapohapo: kimefutwa. Katika GNOME, kila kiendelezi hubeba faili ya metadata.json inayotaja matoleo kinachoyajua. Toleo lako jipya lisipokuwa kwenye orodha, kiendelezi hakiwashwi, lakini folda yake iko vilevile ndani ya ~/.local/share/gnome-shell/extensions ikisubiri mwandishi wake akamilishe kazi. Septemba 2023 GNOME 45 ilibadilisha namna moduli za JavaScript zinavyopakiwa, hivyo viendelezi vyote vilihitaji kuandikwa upya kwa kiasi fulani. Wijeti za Plasma 5 nazo hazikuweza kupanda Plasma 6 bila kuhamishwa kutoka Qt 5 kwenda Qt 6, maktaba ambayo Plasma imejengwa juu yake. Ningetamani matangazo ya matoleo yaliseme hili kwa herufi kubwa juu kabisa. Kama kazi yako inategemea kiendelezi fulani, angalia ukurasa wake *kabla* ya kusasisha, na kama mwandishi hajalitaja toleo jipya, subiri wiki chache. Hakuna tuzo ya kuwa wa kwanza.

Kwa hiyo tafadhali, usifute ~/.config. Ukilazimika kuanza upya, ibadilishe jina iwe kitu kama ~/.config-zamani, toka, ingia tena, na utaweza kurudisha faili mojamoja hadi uijue yenye tatizo. Kabla ya kusasisha, nakili ~/.config na ~/.local/share mahali pengine. Wa GNOME waongeze `dconf dump / > mipangilio.txt`, siku ya shida, `dconf load / < mipangilio.txt` itayarudisha yote. Ni mistari miwili tu, na bado ndiyo ushauri ninaoutoa mara nyingi kuliko wowote na unaofuatwa mara chache kuliko wowote.

"Wayland ndiyo inayoharibu kila kitu"

Wayland si mgeni. Kristian Høgsberg aliianza mwaka 2008, na X11, mfumo wa zamani ambao Wayland inachukua nafasi yake, ni ya mwaka 1987, enzi ambazo programu zote za skrini moja zilichukuliwa kuwa zinaaminiana. Chini ya X11, programu yoyote iliyofunguka inaweza kusoma vitufe unavyobonyeza katika dirisha la programu nyingine na kupiga picha ya skrini nzima bila kukuuliza. Wayland imefunga mlango huo. Kile kidirisha kinachokuuliza ushiriki dirisha gani unapoanza mkutano wa video si hitilafu. Ni ruhusa yako inaombwa, na mimi nafurahi kila nikikiona.

Ni kweli kuna vilivyoathirika. Programu za zamani za kudhibiti kompyuta kwa mbali, na zile zinazobonyeza vitufe kwa niaba yako, zilitegemea uhuru ule na zinahitaji kuandikwa upya au kubadilishwa. Plasma 6.1 ya Juni 2024 ilikuja na huduma yake yenyewe ya kuingia kwa mbali, iko kwenye mipangilio, ijaribu kabla ya kuhangaika na nyingine. Ama wanaosema programu zao za zamani hazitafunguka tena kwa sababu GNOME 49 ya Septemba 2025 imekuja na kipindi cha X11 kikiwa kimezimwa: kilichozimwa ni kuingia kwenye eneokazi zima kwa X11. Programu moja moja za X11 zinaendelea kufanya kazi ndani ya Wayland kupitia XWayland, daraja la kati ya mifumo hiyo miwili, na kuna uwezekano mkubwa unatumia mojawapo leo bila kujua.

"Kishale kinavimba chenyewe, nimeingiliwa na kirusi"

Hapana. Unakitikisa kipanya haraka, na Plasma 6.1 inakikuza kishale ili ukione kilipo. Kipengele hicho kimewashwa tangu mwanzo na kinazimwa ndani ya Mipangilio ya Mfumo. Mwenye skrini mbili au macho yaliyochoka nisingemshauri akizime.

"Plasma sasa ni ya kulipia"

Tangu 6.2 ya Oktoba 2024, mara moja kwa mwaka, mwezi Desemba, hutokea arifa ya kuomba mchango kwa KDE. Ukiifunga imeisha. Haizuii chochote, haina tarehe ya mwisho, na inaweza kuzimwa moja kwa moja. Mradi huu ulianzishwa na Matthias Ettrich mwaka 1996, na KDE e.V. inayouwakilisha kisheria na kifedha ni shirika lisilo la faida lililosajiliwa Ujerumani. Kama Plasma ndiyo inayokuingizia riziki, changia. Mimi huchangia.

"Betri inagota asilimia 80, imekufa"

Angalia mipangilio ya umeme kwanza. GNOME 48 ya Machi 2025 ilileta chaguo la kutunza afya ya betri kwa kusimamisha chaji karibu na asilimia 80, kwa laptopu ambazo maunzi yake yanakubali, na Plasma imekuwa na kikomo cha chaji tangu 5.20. Betri za lithiamu huchakaa haraka zaidi zikikaa zimejaa pomoni muda wote. Wewe au mwenzako mnayetumia naye kompyuta mliliwasha, mkasahau. Kama laptopu yako haichomolewi ukutani, liache hivyohivyo. Siku ya safari ondoa kikomo, jaza, kisha kirudishe.

"Vipengele vipya vinaifanya kompyuta ya zamani kuwa nzito"

Inategemea kipengele. Plasma 6.1 na GNOME 48 zote ziliongeza uakibishaji wa mara tatu, mbinu ya kuandaa fremu inayofuata mapema, na wanaonufaika zaidi ni hasa wenye kadi dhaifu za michoro: madirisha yanasogea bila kushtuka. Kumbukumbu ikiwa ndogo kweli, tumia Xfce kwa raha zako, ni mazingira mazuri. Lakini usikimbilie kulaumu toleo jipya kabla ya kufungua kifuatiliaji cha mfumo na kuona ni nani hasa anayekula kumbukumbu. Mara nyingi nakuta ni kivinjari chenye vichupo visivyohesabika, ambacho kilikuwepo kabla ya sasisho.

"Nimesasisha lakini sioni vipengele vipya, sasisho limeshindwa"

Halijashindwa. Anayeamua unapata toleo gani la eneokazi ni distro yako, na distro nyingi thabiti hushikilia toleo moja kwa maisha yao yote huku zikikupa marekebisho ya usalama na ya hitilafu tu. Ubuntu 24.04 ina GNOME 46, hivyo vipengele vilivyokuja na GNOME 47 hutaviona humo hata ukisasisha kila asubuhi. Kubuntu 24.04, yaani Ubuntu yenye Plasma, ilitoka miezi miwili baada ya Plasma 6.0, lakini ilibaki na Plasma 5.27, na mtumiaji wake akisoma habari za kubofya mara mbili anahisi amerukwa. Debian 13 ya Agosti 2025 ina GNOME 48 na Plasma 6.3. Hakuna maana ya kukaa ukisubiri kipengele cha Plasma 6.5, kama kile cha kubadilisha mandhari ya mwanga na giza kulingana na saa, kikufikie huko kupitia masasisho ya kawaida.

Kwa hiyo kabla ya kuniandikia kwamba kitu fulani hakipo, fungua ukurasa wa kuhusu mfumo, katika Mipangilio ya GNOME au katika Mipangilio ya Mfumo ya Plasma, na unitumie vitu vitatu: jina na toleo la distro, toleo la eneokazi, na kama kipindi ulichoingia ni cha Wayland au X11. Nikiwa navyo, mara nyingi jibu linapatikana kwenye ujumbe wa kwanza.