Asailamu (hifadhi ya mkimbizi) imekataliwa? Bado kuna CAT, ila chunga tarehe

Kwenye ofisi yetu ya msaada wa sheria huku Marekani, Wakongo, Warundi, Wakenya, wote wanakuja na swali moja: "Nilishafungwa, asailamu wamenikatalia, si ndio nadipotiwa hivyo?" Bado, tulia kwanza.

Kuna ulinzi tunaouita CAT, wa kutorudishwa unakoogopa kuteswa, unatokana na ule Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Kupinga Mateso wa 1984, na utamu wake ni kwamba hauulizi ulifanya nini, unauliza utafanywa nini ukirudishwa. Hata ile dedilaini ya mwaka mmoja ya asailamu haipo hapa. Lakini mzigo ni mzito, lazima uonyeshe uwezekano wa kuteswa unazidi nusu, tena mtesaji awe mtu wa serikali au serikali iwe inajua na kufumba macho. Barua ya shemeji ya "huku hali mbaya usirudi" haifiki mbali jamani. Daktari akikagua makovu ya nyayoni akaandika yanafanana na ya kuchapwa fimbo, hapo hakimu anasoma mara mbili.

Hakimu wa uhamiaji akikukatalia unakata rufaa Bodi ya Rufaa za Uhamiaji, BIA, na bodi nayo ikikataa unaenda korti ya rufaa ya federali. Mfano ni kesi ya Nasrallah, Mlebanoni wa jamii ya Druze (dini ndogo ya huko), aliyekiri kupokea sigara za wizi. Hakimu alimpa CAT, BIA ikamnyang'anya, korti ya rufaa ikasema kwa sababu ya hilo kosa lake sisi ushahidi hatuugusi. Tarehe 1 Juni 2020 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua, kura 7 kwa 2, kwamba majaji wa korti za rufaa wanaweza kuuangalia. Usishangilie sana lakini, maana wanapindua pale tu ushahidi unapomlazimisha mtu yeyote mwenye akili zake aone tofauti, na wanasoma faili lile lile, kwa hiyo karatasi uliyoiacha kabatini siku ya hakimu haiwasaidii.

Sasa tarehe. Kwenda federali una siku 30, zinahesabiwa tangu uamuzi wa mwisho utolewe. Mzee mmoja alikuja na bahasha anahesabu kwa vidole tangu Jumatatu aliyoifungua, kumbe barua ndani ina tarehe ya wiki mbili nyuma! Na kufungua rufaa federali peke yake hakusimamishi ndege, amri ya kusimamisha unaiomba kivyake, siku hiyo hiyo ikiwezekana.

Ukishinda pia, CAT sio grinkadi (kibali cha kuishi moja kwa moja). Inazuia usirudishwe nchi ile uliyothibitisha utateswa, basi, nchi ya tatu wanaweza kujaribu, na Julai 2025 Marekani ilipeleka Eswatini wanaume 5 ambao hata mmoja hakuwa wa huko. Kwa hiyo ukipewa notisi ya nchi nyingine na unaiogopa, sema hapo hapo unaiogopa, kisha iandike, na kopi abaki nayo mtu wa nyumbani.